Usinipigie Kura, Nunua Komiki

Wasee, niseme hili mapema kabla msimu wa tuzo haujaanza tena na simu zetu kujaa linki za kura. Kama unapenda kazi yangu, usinipigie kura. Isome. Ukimaliza, mtumie beshte yako naye asome. Na siku tukikutana kwenye tamasha la mashabiki, simama mezani pangu ununue kitu, hata kama ni stika ya chwani.

Najua kuna mtu tayari anasema, "Huyu ana wivu, hajawahi kuteuliwa." Tulia. Niliwahi, na nitakuambia ilikuwaje.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Mimi huchora katuni ya mtandaoni kuhusu matatu ya usiku inayobeba mizimu kutoka Railways hadi Rongai. Sehemu mpya hutoka kila Ijumaa na kuisoma ni bure. Hakuna mhariri, hakuna mchapishaji, hakuna mshahara mwisho wa mwezi. Kuna mimi, tableti yenye kioo kilichopasuka pembeni, na bando. Wachoraji kama mimi tuko wengi, Nairobi, Mombasa, Nakuru, Eldoret, na wengi wetu huchora usiku baada ya kazi ama baada ya masomo. Kwa sababu hakuna bosi wa kutuambia kama tunafanya poa ama la, tumechukua vitu viwili tukavifanya mizani: tuzo na matamasha. Umeteuliwa? Basi wewe ni msanii. Una meza kwenye tamasha? Basi umefika.

Maoni yangu ni kwamba hivi vitu viwili havilingani hata kidogo. Kimoja kinakupa jina kwa wiki tatu. Kingine kinaweza kukulisha, polepole, lakini kinaweza. Na sisi wote, wachoraji na mashabiki, tumemwaga nguvu zetu kwenye kile kisicholisha.

Kuna Mmarekani mmoja anaitwa Howard Tayler. Alianza katuni yake ya mtandaoni, Schlock Mercenary, Juni 2000. Ni hadithi ya askari wa kukodiwa huko angani, na mhusika mkuu anafanana na rundo la kitu ambacho sitakitaja ukiwa unakula. Tayler alitoa katuni kila siku. Si kila wiki kama mimi, kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo, hadi alipoimaliza Julai 2020. Miaka ishirini bila kuruka hata siku moja. Mimi nikiumwa na jino tu Ijumaa inakuwa Jumatatu.

Mwaka wa 2009 tuzo za Hugo, ambazo ni kubwa sana kwa wapenzi wa hadithi za kubuni za sayansi, zilianza kutoa zawadi ya hadithi za michoro. Tayler akateuliwa. Akashindwa na Girl Genius ya Phil na Kaja Foglio. 2010 akateuliwa tena, akashindwa na Girl Genius. 2011, hivyo hivyo, na Girl Genius hiyo hiyo. 2012 kina Foglio wakasema wamepokea vya kutosha, wakajitoa ili wengine wapate nafasi. Ungedhani sasa ni zamu ya Tayler, si ndio? Ikashinda Digger ya Ursula Vernon. 2013 akateuliwa mara ya tano, ikashinda Saga. Kichekesho ni kwamba mwaka huo huo wa 2013 Tayler alipata Hugo, lakini kwa podikasti ya mafunzo ya uandishi aliyokuwa akiifanya na wenzake. Katuni yake yenyewe haikuwahi kupata.

Mara tano kwenye orodha, mara tano bila. Kwa hesabu za mtaa wetu huyo ni mtu amefeli. Lakini angalia tarehe. Tayler aliacha kazi yake kwenye kampuni ya programu za kompyuta mwaka wa 2004 ili achore tu. Hiyo ni miaka mitano kabla ya kuteuliwa kwa mara ya kwanza. Tuzo haikumtoa ofisini, kwa sababu kitengo chenyewe hakikuwepo. Waliomlisha ni wasomaji. Walisoma bure mtandaoni, halafu wakanunua vitabu vya hadithi ile ile waliyoisoma bure, na yeye akawa anabeba hivyo vitabu hadi kwenye matamasha na kuviuza mezani. Na baada ya kushindwa mara ya tano, aliendelea kuchora miaka saba zaidi. Tuzo zilikuja zikapita, meza ikabaki.

Sasa turudi Nairobi, nikuambie ya kwangu.

Nilipata ujumbe: "Hongera! Umeteuliwa." Nilifurahi, sitadanganya. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Halafu nikasoma mpaka chini. Jina la katuni yangu lilikuwa limeandikwa vibaya. Hakuna swali hata moja kuhusu hadithi yenyewe, hakuna mtu aliyeomba linki ya kuisoma. Kulikuwa na bango lenye picha yangu, namba ya kutuma kura, na maelezo: kila kura shilingi 10, piga kura mara nyingi unavyotaka. Tiketi ya usiku wa tuzo, hata kwa mteule, ni ya kununua.

Nikapiga hesabu. Ili nipate kura 500, watu wangu walipaswa kutumia 5,000. Hiyo doo ingetoka wapi? Kwa mamangu, kwa binamu zangu, kwa mabeshte wa chuo ambao wengine wao hawajasoma hata sehemu moja. Na kati ya hizo 5,000, mimi ningepata ngapi? Sufuri. Sikufanya kampeni, na sikushinda. Hadi leo sijui nilipata kura ngapi, kwa sababu hazikuwahi kutangazwa.

Kama ingeishia hapo ningenyamaza. Kilichonifanya niandike ni msanii mmoja ninayemjua, mkali kunishinda, manze mkono wake unatoa mistari mpaka unaona aibu kushika penseli. Yeye alifanya kampeni. Wiki tatu hakuchora, alikuwa anatuma linki kwa kila kikundi cha WhatsApp, cha kanisa, cha mtaa, cha wale walimaliza shule pamoja. Alikopa ili ajipigie kura siku ya mwisho. Na alishinda! Picha zikapigwa, kikombe kikapelekwa kwa mamake na sasa kiko juu ya friji. Lakini wiki tatu zikawa mwezi, mwezi ukawa msimu, na deni lilitaka kulipwa, akatafuta kazi ya usiku. Katuni yake haijaendelea. Mhusika wake mpaka leo amesimama mbele ya mlango, mkono juu, karibu kubisha, na sisi tuliokuwa tunamsoma hatutawahi kujua ni nani alikuwa ndani.

Tuzo ilikuja kusherehekea katuni, ikaiua. Hapo ndipo ninakasirika.

Mtu ataniambia, "Lakini hata hizo Hugo si watu hulipa?" Ni kweli. Kupiga kura ya Hugo lazima uwe mwanachama wa Worldcon ya mwaka huo, na uanachama ni wa kulipia. Lakini ona tofauti. Mwanachama mmoja ana kura moja, hata awe tajiri namna gani. Kwa kawaida wanachama hutumiwa kazi zilizoteuliwa ili wazisome kabla ya kupiga kura. Na mambo yakiisha, hesabu ya kura hutolewa watu waone. Si mfumo usio na kasoro, na Worldcon yenyewe haijawahi kufanyika Afrika, kwa hivyo sisi tuko mbali na hiyo meza. Lakini angalau kusoma kumo ndani.

Kuna nyingine naipenda kwa vituko vyake. Marekani kuna tamasha la komiki ndogo ndogo linaitwa Small Press Expo, na tangu 1997 limekuwa na tuzo za Ignatz. Zawadi yake ni tofali. Tofali la kujengea, kabisa. Ignatz ni panya wa katuni ya zamani, Krazy Kat, aliyekuwa na tabia ya kurusha matofali. Na kwa miaka mingi waliopiga kura ni wale waliofika tamashani. Yaani umepita mezani, umefungua kurasa, umenunua ama umekataa, halafu ndio unapiga kura. Hiyo naielewa.

Hata huko nje si kila uteuzi ni wa haki. Tamasha la Angoulême, Ufaransa, ni la komiki na limekuwepo tangu 1974. Mwaka wa 2016 walitoa orodha ya wateule 30 wa tuzo yao kuu, na hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Thelathini! Wachoraji walipinga, na baadhi ya wanaume waliokuwa kwenye orodha, Riad Sattouf akiwa mmoja wao, wakaomba majina yao yatolewe. Orodha ikaondolewa. Somo langu hapo ni kwamba uteuzi haushuki kutoka mbinguni. Kuna watu wameketi mahali wakaamua nani aonekane. Ukiambiwa "umeteuliwa", una haki ya kuuliza na nani.

Sasa wale walioshinda kihalali, walianza na nini? Lore Olympus ya Rachel Smythe wa New Zealand ilishinda tuzo ya Eisner ya katuni bora ya mtandaoni miaka mitatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024. Lakini ilianza kutoka Webtoon mwaka wa 2018, na ilikuwa na jeshi la wasomaji kabla ya hiyo Eisner ya kwanza. Hapa kwetu, Shujaaz ilianza 2010. Ilikuwa inagawanywa bure, ndani ya gazeti la Jumamosi na kwenye vibanda vya M-Pesa, na ilikuwa inaongea Sheng kama sisi. Vijana walimjua DJ Boyie kwanza, International Emmy ikaja baadaye. Na ukirudi nyuma zaidi, muulize babu ama shosho kuhusu Juha Kalulu wa Taifa Leo. Watacheka kabla hujamaliza swali. Waulize Juha alishinda tuzo gani, watakuangalia tu. Wanamkumbuka kwa sababu alikuwepo gazetini, mwaka baada ya mwaka.

Kwa hivyo tuzo yoyote ikikuita, iulize maswali matatu. Nani amesoma kazi yangu? Mtu mmoja anapiga kura mara ngapi? Na pesa zinatoka wapi zikienda wapi? Ukipata majibu mazuri, nenda, na mimi nitakuwa wa kwanza kukupongeza. Kuna tuzo za Nommo, kwa mfano, ambazo hupigiwa kura na wanachama wa chama cha waandishi wa Afrika wa hadithi za kubuni za sayansi na maajabu, na zina kitengo cha hadithi za michoro. Mkenya akiteuliwa huko, piga nduru. Lakini kama jibu la kwanza ni "tuma neno KURA likifuatwa na namba yako", hiyo ni biashara ya mtu, na bidhaa ni mabeshte zako.

Ngoja nimtetee pia yule anayetamani kikombe, kwa sababu namwelewa. Mzazi wako haelewi watu elfu moja wamefungua sehemu ya kumi na mbili. Anaelewa kikombe. Anaelewa picha yako ukiwa na suti. Ukimwambia unachora majini mtandaoni anauliza utaoa na nini. Kikombe kinanyamazisha mjomba kwenye harusi, na hiyo si kitu kidogo. Lakini nimegundua kuna kitu kingine kinachonyamazisha mjomba: ujumbe wa M-Pesa kutoka kwa mtu asiyekujua. Siku mamangu aliona simu yangu ikilia mara sita mchana mmoja, majina ya wageni, 300, 300, 50, 300, hakuniuliza tena lini nitaacha michoro.

Hizo mia tatu zilitoka mezani. Kwa hivyo tuongee sasa kuhusu matamasha.

Nairobi tuna bahati. Tuna NAICCON, tuna Otamatsuri, na vikao vidogo vidogo vya wapenzi wa anime na michezo. Watu huja wamevaa kama wahusika wao, wengine wameshona wenyewe miezi mitatu. Na mahali fulani ukumbini, kawaida kwenye kona, kuna safu ya meza za wachoraji.

Nikupe hesabu ya wikendi yangu moja, kwa sababu mashabiki wengi hudhani tunatajirika. Meza ya siku mbili, 6,000. Kuchapisha nakala 60 za komiki, 9,000. Stika, 2,500. Nauli na chakula, thao moja. Jumla 18,500 kabla sijauza kitu. Niliuza nakala 52 kwa 300, na stika 130 kwa 50. Hiyo ni 22,100. Faida ni 3,600, nikagawana na binamu aliyenisaidia kubeba. Si utajiri. Lakini nakala 52 zilienda nyumbani kwa watu, na wiki iliyofuata wasomaji wapya waliingia mtandaoni na kurudi hadi sehemu ya kwanza.

Na kuna mambo kura haiwezi kukupa. Msichana mmoja wa kama miaka kumi na nne alinunua toleo la kwanza asubuhi. Mamake akaniuliza, "Na hii inafunza nini?" Nikasema inafunza kushuka kwa stage yako. Saa nane wakarudi. Msichana alikuwa amekaa kwenye ngazi akalimaliza, na sasa alitaka la pili, na alikuwa na malalamiko: kwa nini makanga hana hadithi yake mwenyewe? Huyo makanga nilikuwa nimemweka tu aite abiria. Sasa ana hadithi yake, na ndiye watu wanampenda kuliko wote. Hakuna jaji wa tuzo yoyote aliyewahi kunipa kitu cha thamani kama hicho.

Kwa hivyo mashabiki, ombi langu ni dogo. Ukifika mezani, fungua kurasa, hatuumi. Usipige picha kurasa zote halafu uende, hiyo ni wizi wenye tabasamu. Usiseme "nichoree bure nikutag", kwani saluni huwa unasukwa kwa kutagiwa? Kama huna pesa, chukua linki, enda usome, urudi mwaka ujao. Hiyo pia ni msaada wa kweli. Na nyinyi mnaovaa kama wahusika, mnapendeza, lakini msipigie picha mbele ya meza kwa nusu saa, upanga wako wa karatasi umefunika mkate wetu.

Na waandaaji, na nyinyi sikieni. Si lazima meza za wachoraji ziwe karibu na choo. Sisi ndio tunaotengeneza vitu ambavyo siku moja watu watavivalia mavazi. Punguzeni ada kwa anayekuja mara ya kwanza. Tangazeni majina yetu kwenye jukwaa, hata dakika moja, katikati ya mashindano ya michezo ya video.

Mwaka huu utatumiwa linki ya kura na mchoraji unayempenda. Pengine hata jina lake limeandikwa vibaya kwenye bango. Kabla hujabonyeza, fungua katuni yake usome sehemu tatu. Halafu mwandikie umwambie ni picha gani imekukaa akilini. Na ile soo moja uliyotaka kutuma kama kura kumi, mtumie yeye mwenyewe kwa M-Pesa, ama iweke kando hadi siku ya tamasha.

Ukifika, uliza tu wapi meza ya matatu ya mizimu. Toleo la makanga litakuwepo.